Nataka kuandika habari za babu na karanga za Kongwa, nakwama mwanzoni

Mtoto wa Mlali:
Wakuu, habari za jioni. Marehemu babu yangu alikuwa kibarua kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Alinisimulia mengi: matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita, mibuyu iliyogoma kung'oka, udongo uliokauka kama saruji hadi karanga zikawa hazichimbiki. Nataka wanangu wayakute kwenye maandishi. Sasa nikikaa naandika "Kongwa ni wilaya iliyopo mkoa wa Dodoma", nafuta. "Katika historia ya Tanganyika", nafuta. Mpaka luku inakata. Mnaoandika, huwa mnaanzaje?

Zabibu Chachu:
Mkuu, hizo sentensi unamwandikia msahihishaji wa mtihani, si wanao. Anza na mbuyu. Mzungu yuko juu ya mashine, mbuyu umegoma, babu kasimama pembeni anatazama. Mambo ya wilaya na mkoa utayachomeka mbele ya safari, kama bado utayahitaji.

Bajaji Nkuhungu:
Mimi si mwandishi, ila kwa nini usimsimulie mtu? Mkalishe shemeji, washa simu irekodi, piga stori. Ukimaliza sikiliza, andika ulivyosema. Sijawahi kuona mtu anakwama kuanza umbea.

Zabibu Chachu:
😂😂 Hapo umemaliza.

Ticha Mstaafu:
Hajamaliza. Mwanangu, anayeshindwa kuanza mara nyingi bado hajajua anataka kusema nini. Waingereza walimwaga mamilioni ya pauni kwenye nchi hii yetu ya mvua za msimu mmoja, nazo zikikataa zimekataa. Babu yako pale aliona nini? Ujinga wa wakubwa? Mshahara? Vyote? Chukua kalamu, jibu kwa mstari mmoja. Mstari huo hauingii kwenye hadithi, ni wa kukuongoza wewe tu. Ukishaupata, anzia popote, hata mwishoni. Na mwaka au jina ukilisahau, acha nafasi, songa. Ukikimbilia kulitafuta kwenye simu, jioni yote imekwenda.

Mtoto wa Mlali:
Shikamoo Mwalimu. Swali lako limenikalisha kitako. Babu akifika kwenye mibuyu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Akifika siku walipoambiwa kazi imekwisha, anabadilisha mazungumzo, anauliza kama mbuzi wamefungiwa. Sikuwahi kumdadisi.

Ticha Mstaafu:
Marahaba. Bibi yupo?

Mtoto wa Mlali:
Yupo, na kumbukumbu anazo kunizidi.

Ticha Mstaafu:
Basi nenda kwa bibi kabla hujagusa hiyo kompyuta.

Bajaji Nkuhungu:
Na simu iwe na chaji. Hiyo ya siku ya kufukuzwa kazi ndiyo nataka kuisoma mimi, mibuyu baadaye.