Kentucky Camp, Arizona: ranchi iliyoachwa, na mbwa mzee

Mkaazi_Tucson
Habari wakuu. Nataka kumpeleka mbwa Kentucky Camp, ile ranchi ya zamani karibu na Sonoita. Ana miaka 11, kilo 30, nyonga zimekakamaa. Gari langu ni la chini. Barabara inapitika? Na njiani nichunge nini?

Barabara83
Ikiwa kavu inapitika. Kutoka Tucson shika barabara kuu ya I-10 kwenda mashariki, toka kwenye njia ya kutokea namba 281, fuata barabara ya 83 kusini kama kilomita 34. Ukijikuta Sonoita, umepitiliza kilomita 6 hivi. Kata kulia Gardner Canyon Road, kisha baada ya kilomita moja na kidogo kata kulia tena, barabara ya msitu 163. Hapo ni kama kilomita 8 za vumbi hadi getini. Nenda taratibu, mawe yanaweza kugonga gari chini.

Julai hadi Septemba mvua za alasiri hufanya udongo uteleze na makorongo hujaa ghafla. Nenda asubuhi. Ukiona mawingu yanajikusanya juu ya milima ya Santa Rita, geuza.

Kutoka getini hadi kwenye majengo ni mita 400 hivi, mteremko mtupu. Kwa mbwa wa nyonga mbovu hilo ndilo la kupigia hesabu: mlima unamsubiri wakati wa kurudi, akiwa tayari amechoka. Apumzike kivulini nusu saa kwanza. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ng'ombe wanalishwa huko.

MamaSimba
Mbwa anaruhusiwa, ni Msitu wa Taifa wa Coronado. Ila tumia kamba fupi ya mita 2, si ile inayorefuka yenyewe, kwa sababu eneo hilo lilichimbwa dhahabu na vilimani kuna mashimo ya zamani.

Kwenye nyasi kuna mimea ya jamii ya mkonge, na ncha yake iko usawa wa macho ya mbwa. Mbegu kavu za nyasi ni mbaya zaidi: zina vinywele vinavyoelekea nyuma, kwa hiyo zikiingia kati ya vidole au sikioni husonga mbele tu, hazirudi. Kagua kila kidole kabla hajapanda gari. Akitikisa kichwa mfululizo, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usichokonoe.

Majira ya joto kuna nyoka wenye njuga. Akiumwa, usikate jeraha wala usifunge kamba kuzuia damu. Mbebe hadi garini, mkimbize kwa daktari. Beba lita 2 za maji kwa ajili yake peke yake. Na bandika mgongo wa kiganja chako ardhini: usipovumilia sekunde 7, nyayo zake hazitavumilia.

Tofali_Bichi
Naongezea kuhusu majengo. Yalijengwa mwaka 1904 kwa matofali mabichi ya udongo, makao ya kampuni iliyoleta maji kwa mabomba kutoka milimani ili kuosha dhahabu. Mhandisi wake, James Stetson, alifariki 1905 na mradi ukafa. Baadaye pakawa ranchi ya ng'ombe hadi miaka ya 1960. Idara ya Misitu ilipachukua 1989.

Tofali bichi huliwa kuanzia chini: matone ya mvua yanaruka kutoka ardhini, unyevu unapanda, msingi unamomonyoka hadi ukuta unaning'inia. Tafadhali mbwa asichimbe wala kukojoa ukutani, na msiegemee. Ukikwangua plasta ya udongo kwa ukucha tu, inadondoka.

Mkaazi_Tucson
Shukrani. Akiwa na nguvu, tunaweza kuendelea mbele?

Barabara83
Njia ndefu ya Arizona Trail inapita hapo hapo. Shika upande wa kusini, unafuata masalia ya ule mfumo wa maji. Dakika 10, geuka. Usingoje mpaka aanze kuburuta miguu ya nyuma.