Tupeane uzoefu: jambo dogo la nyumbani lililokufunza maisha

Habari zenu wakuu. Naomba tupeane uzoefu wa mambo madogo tuliyoyaona nyumbani, ambayo hakuna aliyekusudia kutufundisha, lakini yametujenga. Naanza.

Nimekulia Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Mama alikuwa anaanika dagaa, na dagaa wakinyeshewa hasara ni yako: mng'ao unapotea, wananuka, mnunuzi anakupa bei ya chakula cha kuku. Siku moja wingu likatanda ghafla kutoka ziwani. Mama akaacha wa kwetu, akakimbilia wa jirani ambaye walikuwa hawasalimiani. Yule mama alikuwa kampeleka mtoto kliniki. Tukazoa, tukafunika turubai, ndipo tukarudi kwetu. Nusu ya wetu walishalowa. Nikanuna. Mama akasema tu, "Sisi tupo, yeye hayupo." Ugomvi wao haukuisha siku hiyo, nisiwadanganye. Ila nilijua kuwa mtu anaweza kuwa na kinyongo na bado akatenda haki.

Mdau wa Igogo:
Umenigusa mkuu. Sisi tulikaa juu kwenye mawe, maji tunachota bombani chini. Baba anabeba madumu mawili ya lita 20, mimi kidumu cha lita 5. Tukifika kwenye jiwe moja bapa anatua: "Ngoja mzee mwenzako apumue." Nasimama pembeni namsubiri, najiona mwanaume kweli. Nimekuja kugundua mdogo wangu alipoanza kwenda nasi. Baba alikuwa anaangalia miguu yetu. Ikianza kutetemeka, basi yeye ndiye "amechoka". Leo nina vijana ninaowafundisha uselemala, na mchana nikiona mkono wa mmoja umelegea kwenye randa, nasema mimi nimechoka, tukanywe chai.

Mama wa Nansio, Ukerewe:
Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Wanavua usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wao, na boti zinapaki. Mimi mwezi mpevu nilikuwa nauhesabu kama njaa. Jioni moja binti yetu wa darasa la kwanza akauona unachomoza, akaruka ruka: "Baba leo analala nyumbani!" Tangu hapo siku hizo silalamiki mbele ya watoto. Tunakula sahani moja, baba yao anawasimulia ya ziwani mpaka wanasinzia.

Mdau wa Nyegezi:
Mimi fupi tu. Bibi yangu kule Magu alikuwa hapakui matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) kabla hajauliza nani hajarudi. Na kwangu ndiyo utaratibu.

Mleta mada:
Asanteni sana. Dada wa Nansio, hizo siku za mbalamwezi mnajipangaje na ada ya shule?

Mama wa Nansio, Ukerewe:
Kikoba, kaka. Siku za giza nanunua hisa nyingi niwezavyo, mwezi ukiwaka naweka moja tu. Ada naitenga kwanza, kabla hata ya kitenge.