Mrejesho: Honda XL125 iliyokuwa ikivuja oili

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu pikipiki yangu kuukuu, Honda XL125, ambayo ilikuwa ikidondosha oili na kutoa moshi wa buluu kila nilipopanda vilima vya huku Mbale, nami sikuwa na fedha za kununua injini nyingine.

Nilifuata wazo la mmoja wenu la kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kisha kumimina oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kilipanda mara ya pili, dalili kwamba ringi za pistoni ndizo zilizochakaa, wala si valvu. Tulipofungua, ukuta wa silinda ulikuwa na michirizi inayonasa ukucha, kwa hiyo kuweka ringi mpya peke yake kungekuwa hasara. Silinda ilichongwa ili ipokee pistoni iliyozidi ile ya awali kwa kipenyo cha milimita 0.25, ambayo niliipata katika soko la Kisekka, Kampala. Hapo ndipo fedha nyingi zilipokwenda.

Kuhusu uvujaji, nakiri kwamba niliilaumu gasketi bure. Oili ilikuwa ikipita kwenye sili (kizuizi cha oili) ya shafti ya sproketi ya mbele, yaani gia ndogo inayovuta cheni, na mpira wa kupumulia injini ulikuwa umezibwa na tope, jambo lililoongeza shinikizo ndani na kuisukuma oili nje. Sili ilikuwa ya bei ndogo kuliko vyote, na mpira niliuzibua kwa waya.

Nimeendesha kilomita 400 taratibu na kubadilisha oili mara moja. Sakafu ni kavu. Cheni ya taimingi bado inapiga kelele, nayo itasubiri mavuno.