Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza Mumbai, ukiwa peke yako

Ndugu zangu, ninaanzisha mada hii kwa sababu mdogo wangu anakwenda Mumbai mwezi ujao, peke yake na kwa mara ya kwanza, na maswali anayoniuliza yananirudisha kwenye siku yangu ya kwanza katika jiji lile. Naomba kila aliyefika pale bila mwenyeji aeleze kilichomgusa mwanzoni kabisa, kwa maana mtu akishakaa wiki mbili huanza kulisimulia jiji kama mkazi, akasahau alivyoliona alipotoka uwanja wa ndege.

Nianze mimi. Nilitua alfajiri, nikasogeza saa yangu mbele kwa saa mbili na nusu, nikapanda teksi nyeusi yenye paa la njano hadi eneo la Fort. Nimekulia Kariakoo, na niliamini kwamba mtu aliyezoea kupita Kariakoo mkesha wa Idi hawezi kushtushwa na msongamano wa mahali pengine popote. Kweli watu hawakunitisha. Kilichonishinda ni honi. Kwetu honi ni onyo, na mara nyingine ni tusi. Kule ilinichukua siku nzima kuelewa kwamba dereva hupiga honi kumjulisha wa mbele yake kuwa yupo, tena bila hasira yoyote, na ndiyo maana malori mengi yameandikwa nyuma maneno ya kumwomba anayefuata apige honi.

Karibu na soko la Crawford nilisimama ukingoni mwa barabara kwa muda mrefu, nikisubiri nafasi ambayo haikuja. Mama mmoja mtu mzima, mwenye kikapu cha mboga, alinitazama, akanyoosha kiganja mbele yake kama anayezuia mlango usifungwe, kisha akaingia barabarani kwa mwendo uleule mmoja, bila kukimbia na bila kusita. Nikamfuata ubavuni. Pikipiki zilitupita mbele na nyuma kama maji yanavyolipita jiwe. Tulipofika ng'ambo alikwenda zake bila kusema neno, nami nilikuwa bado nimeukunja mkono wa shati langu kwenye ngumi.

*Mchangiaji kutoka Mwanza:*

Mimi nilikwenda kununua vitambaa. Kosa langu lilikuwa kupanda treni ya mjini saa mbili na nusu asubuhi, kutoka Andheri kwenda Churchgate, kabla sijalielewa umbo la jiji. Mumbai imekaa kwenye ulimi mwembamba wa nchi uliopatikana kwa kuunganisha visiwa saba. Ofisi nyingi na masoko ya zamani yako kusini, makazi yameenea kaskazini, kwa hiyo asubuhi watu humiminika kusini na jioni hurudi kaskazini kwa njia zilezile chache. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 12 ndani ya mipaka ya jiji, na asubuhi ile nilihisi kana kwamba nusu yao wako kwenye behewa langu. Mdogo wako asubiri mpaka saa nne ipite, au apange shughuli zake asafiri kinyume na mkondo.

Milango ya treni ile haikufungwa. Watu walining'inia nje huku wameshika vyuma. Ndani, hata hivyo, niligundua utaratibu ambao hakuna aliyeniambia. Mtu humuuliza aliye mbele yake anashuka wapi, na kama huyo anashuka mbali zaidi, wanabadilishana nafasi, mmoja baada ya mwingine, ili watakaoshuka Dadar wawe mlangoni treni inapokaribia Dadar. Kijana aliyekuwa nyuma yangu alitaja jina la kituo na kuniashiria, nikajibu, "Churchgate." Kwa kuwa hicho ndicho kituo cha mwisho, walinisukuma ndani, bila ukali, mpaka nikafika katikati ya viti, na mzee mmoja akalipokea begi langu akaliweka kwenye rafu ya juu. Nilikiri moyoni kwamba nilikuwa nimelikumbatia begi lile kwa kuwadhania wote wezi, na jambo hilo linanisikitisha hadi leo.

Faraja nyingine ilikuwa masikioni. Katikati ya maneno nisiyoyajua nilisikia mengine yanayokaribiana sana na ya kwetu: gari, laki, dunia, wakati, habari. Sikuweza kuunganisha sentensi hata moja, lakini mtu aliye peke yake hushika chochote kinachofanana na nyumbani.

Siku hiyohiyo, kabla ya adhuhuri, nilirudi nje ya stesheni ya Churchgate nikawakuta wale wanaume wenye kofia nyeupe wanaosambaza vyakula vya mchana kutoka majumbani kwenda maofisini, kazi inayofanyika jijini humo tangu 1890. Walikuwa wamepanga makopo ya chakula kando ya njia. Niliinama nikatazama kifuniko kimoja: kilipakwa rangi namba na herufi chache tu, bila jina la mtu wala anwani. Alama hizo humwonyesha mchukuzi mtaa lilikotoka kopo, stesheni litakakoshushwa, jengo na ghorofa. Watu walikuwa wakipita mbio pande zote, na hakuna aliyelipiga teke hata kopo moja.

*Mchangiaji kutoka Mombasa:*

Ninaandika kama mwanamke, kwa kuwa swali la kwanza la mama yangu lilikuwa kama nitakuwa salama. Siwezi kumwahidi mtu yeyote usalama. Ninachoweza kusema ni kwamba treni za Mumbai zina mabehewa ya wanawake, na tangu 1992 zipo safari ambazo treni nzima ni yao. Nilipoingia behewa hilo jioni ya kwanza ndipo mabega yangu yaliposhuka. Msongamano ulikuwa uleule, viwiko vilikuwa vilevile, lakini dada mmoja alikuwa akimenya njegere kwenye mfuko wa plastiki uliokaa mapajani mwake ili akifika nyumbani apike tu, na mwingine alikuwa akichagua vibanio vya nywele kwa muuzaji aliyejipenyeza na ubao wake. Mbele yangu alisimama msichana mwenye shada la asumini kwenye nywele. Treni ilinuka jasho na chuma, na kila ilipoyumba, harufu ile ya asumini ilinijia kama niko arusini Mji wa Kale.

Kuhusu chakula, msiogope. Nje ya stesheni niliuziwa kitu ambacho wao wanakiita vada pav, nami nilipokiuma nikakitambua: ni kachori yetu ya viazi, imetiwa ndani ya boflo pamoja na chatne na pilipili iliyokaangwa. Shauri langu ni kununua pale inapotoka kwenye mafuta ya moto na kuyaacha maji ya bomba.

*Mchangiaji kutoka Bujumbura:*

Samahani, nitasema jambo tofauti kidogo. Kilichonigusa mimi kwanza ni watu waliolala kando ya barabara, familia nzima, mtoto katikati ya wazazi wake, viatu vimepangwa vizuri pembeni ya mkeka kama vinavyopangwa mlangoni mwa nyumba. Mgeni mmoja niliyekuwa naye hotelini alipiga picha. Mimi sikuweza, na ninamwomba huyo mdogo wetu asifanye hivyo: pale ni chumbani kwa watu.

*Mchangiaji kutoka Pemba:*

Nimesoma yote kwa furaha, naongeza langu. Baada ya saa sita za kelele nilitafuta mahali pa kupumua, nikaelekezwa Haji Ali, msikiti na kaburi vilivyo juu ya kisiwa kidogo, unakofika kwa njia nyembamba inayokatiza baharini na kufunikwa maji yanapojaa sana. Njia ilijaa mahujaji, wauza maua, wagonjwa na ombaomba, bega kwa bega, nami nikajiona mgeni kuliko wakati wowote tangu nitue.

Kisha nikatazama chini. Nimezaliwa ufukweni, majira ya maji nayajua kabla sijaijua saa. Ilikuwa siku za bamvua, na mawe ya pembeni ambayo yalikuwa makavu nilipokuwa nikienda yalikuwa yameshaanza kulowa nilipokuwa nikirudi. Mzee muuza mashada aliyekuwa akifunga biashara yake alininyooshea kidole baharini, akizungumza kwa lugha nisiyoijua, nami nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba nimekwisha kuona. Nikamshikia kapu lake la maua, yeye akavua viatu, mimi nikavua vyangu, tukaenda nchi kavu pamoja na wengine.