Plagini ipi ya osiloskopu ya zamani inafaa kusoma strein geji?

Bapa350:
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nimebandika strein geji ya ohm 350 (kipande chembamba ambacho ukinzani wake hubadilika kikivutwa) kwenye bapa la chuma, nataka nione linavyotikisika nikiligonga. Geji ipo kwenye daraja la Wheatstone (saketi inayogeuza badiliko dogo la ukinzani kuwa volti) na rezista tatu za kawaida, nalilisha volti 5 kwa adapta. Osiloskopu ni Tektronix 7603 yenye plagini (kikuza cha kuchomeka) 7A18. Hata nigonge vipi, mstari umenyooka tu. Kuna anayeuza 7A22, na mwingine ana 3C66, anasema hiyo ndiyo ya strein geji hasa. Nichukue ipi?

SoldaMoto:
Mkuu, piga hesabu kwanza. Volti ya kulisha mara kigezo cha geji (unyeti wake, karibu 2) mara streini (kiasi cha kunyooka ukilinganisha na urefu), gawa kwa 4. Maikrostreini 100, yaani sehemu 100 kwa milioni, zinakupa maikrovolti 250. 7A18 inaishia milivolti 5 kwa mraba wa skrini, kwa hiyo ishara yako yote ni sehemu moja ya ishirini ya mraba. Utaionaje?

7A22 inashuka hadi maikrovolti 10 kwa mraba na inasoma tofauti ya ingizo mbili. Hilo la pili ndilo kubwa: kila upande wa daraja lako umekaa kwenye volti 2.5, na unachokitafuta kimejificha juu yake.

3C66 haitaingia kwenye 7603. Ni ya familia ya 560, osiloskopu za Tektronix za zamani zaidi.

MzeeWaVali:
Ni kweli haiingii, ila tusiidharau. 3C66, na Type Q iliyoitangulia enzi za vali, zinalisha daraja kwa mkondo geu wa 25 kHz. Volti ndogo za DC zinazozaliwa na joto kwenye maungio ya solda hazizisumbui. Ningekuwa napakia mzigo na kuuacha siku nzima, ningetafuta hiyo. Taabu yake ni kwamba inabidi usawazishe na kapasitansi ya waya pia. Kwa kugonga, chukua 7A22.

Ila zungusha swichi zake zote kabla hujalipa. Mstari ukirukaruka, viungo vya swichi ni vichafu. Visafishe taratibu kwa alkoholi ya isopropili, usivipulizie dawa yoyote.

SoldaMoto:
Na hiyo adapta iondoe, weka betri. Hasi ya betri iunge na ardhi ya osiloskopu, sehemu moja tu. Tumia waya uliosokotwa wenye kinga, kichujio kinachokata masafa ya juu weka 3 kHz. Rezista zako zikipishana asilimia moja tu, daraja litaanza na milivolti kadhaa. Ziondoe kwa kitufe cha ofseti.

Kisha pima kipimo chenyewe: unga rezista ya kilo-ohm 175 sambamba na geji. Ni sawa na takriban maikrostreini 1000, yaani milivolti 2.5.

Bapa350:
Nimerudi wakuu, nilichukua 7A22. Na rezista ya kilo-ohm 175, kwenye milivolti 0.5 kwa mraba, mstari uliruka miraba mitano kamili! Nikashuka hadi maikrovolti 50 nikagonga: wimbi limeanza miraba mitatu na nusu, likafifia polepole. Mlio wa umeme wa ukutani umebaki mdogo sana. Nahesabu 180 Hz wakati kwa hesabu zangu ilitakiwa 200. Nahisi jiliwa halijabana bapa sawasawa.

MzeeWaVali:
Kaza, gonga tena, utuletee namba.