Mrejesho: ile programu ya stoku ya duka, Gradle na Java

Aksanti sana bandugu, mulinisaidia: niliuliza hapa juu ya programu ya zamani ya stoku ya duka, yenye ilikuwa inakataa kufunguka. Mashini ya hapa Goma iko na Java 17, na Gradle 6.8 (chombo chenye kujenga programu kutoka kodi yake) ya ile programu ilikuwa inalia tu kosa la namba 61, ambayo njo namba ya ndani ya hiyo Java 17 yenyewe. Nilianza na kupandisha Gradle mpaka 7.3, mistari yote ya "compile" (yenye kuita laibrari) ikakataliwa maana walishaitoa hiyo "compile" kwenye 7.0, nikarudisha 6.8. Ule aliyesema niache Gradle, niweke JDK 8 (Java ya zamani) pembeni na JAVA_HOME, yenye kuonyesha Java ya kutumia, ielekee huko, njo alikuwa na haki. Jcenter, gala ya laibrari kwenye mtandao, nilibadilisha na gala ingine, mavenCentral, laibrari moja haikuonekana, nikachomoa jar yake (faili ya hiyo laibrari) kwenye kompyuta ya duka. Sasa inafunguka, ila kuprinti fakture bado inakataa.