Zabbix, LibreNMS, PRTG au Prometheus: ipi ifuatilie vifaa vya mtandao wa ofisi?

Kebo_Nyeusi

Wadau, habari za kazi. Naomba ulinganisho kutoka kwa watu waliotumia programu hizi, si kutoka kwa wanaoziuza. Mtandao wetu una swichi 40 za poti 48, ruta 3, vituo 55 vya Wi-Fi, seva 6, UPS 9 (betri za akiba za umeme), na printa ambazo hakuna mwenye orodha yake kamili. Vifaa hivyo vimetawanyika katika majengo matatu yaliyounganishwa kwa laini za kukodi, na wasimamizi tupo wawili tu. Hadi leo watumiaji ndio wanaotupigia simu kwamba mtandao umekatika, nasi ndipo tunaanza kutafuta umekatika wapi. Nimechuja majina yakabaki manne mliyoyaona kwenye kichwa cha mada. Sitafuti yenye grafu za kupendeza kuliko nyingine. Natafuta ile ambayo watu wawili wenye majukumu mengine wanaweza kuitunza kwa miaka bila yenyewe kugeuka kuwa kazi ya tatu.

Mzee_wa_Swichi

Mkuu, kwa orodha hiyo ningeanza na LibreNMS. Karibu kila ulichokitaja ni kifaa kinachozungumza SNMP, itifaki ya kusoma hali ya vifaa vya mtandao, na LibreNMS, ambayo ilichipuka kutoka programu ya Observium mwaka 2013, ilitengenezwa kwa ajili ya vifaa vya aina hiyo hasa. Unaipa anwani ya swichi moja na vitambulisho vya kuisoma. Yenyewe inaiuliza swichi hiyo majirani zake kwa LLDP au CDP, itifaki ambazo vifaa hutumia kujitambulisha kwa majirani, kisha inawafuata hao majirani mmoja baada ya mwingine. Kwa mtu asiye na orodha kamili ya vifaa vyake, ugunduzi huo peke yake unatosha kulipia muda wa usakinishaji. Kasi ya kila poti, makosa ya fremu (vifurushi vya data), joto la ndani, hali ya feni, nguvu ya mwanga kwenye moduli za nyuzi: vyote vinaonekana bila wewe kuandika kiolezo (orodha ya vipimo vya aina fulani ya kifaa) hata kimoja.

Kasoro zake ni mbili, nami sitazificha. Kwa mpangilio wa kawaida inasoma vifaa kila baada ya dakika 5, hivyo laini inayoanguka na kurudi ndani ya dakika mbili inaweza kukupita. Pili, takwimu zinahifadhiwa kwa RRDtool, ambayo hukunja data ya zamani kuwa wastani ili faili lisikue. Ukiulizwa laini ilikuwa na hali gani saa nne asubuhi ya siku fulani nusu mwaka uliopita, utajibu kwa wastani wa kipindi kirefu, na hutaona tena saa hasa ya kilele kilichowaumiza watu siku hiyo.

Nodi7

Naheshimu alichosema Mzee, ila sikubaliani na kupima uzito wa mtandao kwa idadi ya vifaa. Seva 6 za Kebo_Nyeusi huenda ndizo zenye huduma zote ambazo watu wanazilalamikia, na "mtandao umekatika" mara nyingi humaanisha kwamba diski ya seva imejaa au huduma ya DNS (inayogeuza majina kuwa anwani) imelala. Zabbix, iliyotolewa kwa umma tangu 2001, inasoma SNMP, inasoma vihisi vya seva kwa IPMI (itifaki ya kusimamia maunzi ya seva), ina ejenti yake, yaani programu ndogo ya kuwekwa ndani ya mfumo endeshi, na inaweza kujaribu ukurasa wa wavuti kama mtumiaji angefanya. Msimamizi anaangalia mahali pamoja.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, ni yale majengo matatu. Zabbix ina proksi, yaani programu ndogo unayoiweka kwenye jengo la mbali ili ikusanye takwimu za hapo na kuzituma makao makuu. Laini ya kukodi ikikatika, proksi inaendelea kukusanya, na kwa mpangilio wa awali inatunza data ya saa 1 ambayo haijafika, muda ambao unaweza kuongezwa. Kwa hiyo baada ya laini kurudi unaona kilichotokea ndani ya jengo lile wakati limetengwa. LibreNMS nayo inaweza kugawa kazi ya usomaji, lakini wasomaji wake hutegemea kuifikia hifadhidata ya katikati. Laini ikifa, nao wamefumbwa macho.

Gharama yake ni hifadhidata. Tuseme unafuatilia vipimo 6,000, kila kimoja kwa dakika 1: hizo ni thamani 100 kwa sekunde, au 8,640,000 kwa siku. Kila thamani ya namba huchukua takriban baiti 90, kwa hiyo tayarisha kama MB 780 za kila siku, na GB 70 ukitaka kutunza siku 90. Watu husakinisha Zabbix, huwasha kila kiolezo kwa kila poti, kisha hulalamika kwamba ni nzito. Poti ya kompyuta ya mezani haihitaji kupimwa kila dakika. Poti inayounganisha swichi na swichi inahitaji.

BiSakiti

Nitaitetea PRTG kwa kuwa naona hakuna mwingine atakayefanya hivyo. Inasakinishwa kwenye Windows Server kama programu ya kawaida, inachunguza mtandao yenyewe, na mtu ambaye hajawahi kuandika mstari wa amri kwenye Linux anaanza kupata arifa siku hiyo hiyo. Kwa timu ya watu wawili, kuwa na mahali pa kupiga simu panapoharibika ni jambo la kuhesabiwa, wala si aibu kulipia.

Fanyeni hesabu kabla ya kuipenda, lakini. Leseni hupimwa kwa vihisi, na kihisi ni kipimo kimoja, si kifaa kimoja. Swichi 40 za poti 48 zina poti 1,920, na kufuatilia mwendo wa data wa kila poti ni vihisi 1,920 kabla hujagusa seva wala UPS. Toleo la bure lina vihisi 100, ambavyo swichi mbili na kitu kidogo zinavimaliza. Ukijizuia kwa poti 2 za kuunganisha katika kila swichi, pamoja na pingi, joto na uhai wa vifaa vikuu, idadi inashuka hadi mamia machache, na hapo bei inaanza kueleweka. Ningeiondoa moja kwa moja iwapo ofisi yenu haina seva ya Windows inayosimamiwa vizuri, maana kuanzisha moja kwa ajili ya ufuatiliaji tu ni kujiongezea kifaa cha kufuatilia.

Kebo_Nyeusi

Asanteni. Swali la haraka: kwa nini hakuna aliyeigusa Prometheus? Ndiyo inayozungumzwa kila mahali.

Tarakimu

Kwa sababu ilizaliwa kwa kazi nyingine. Ilianzishwa SoundCloud mwaka 2012 kwa ajili ya kufuatilia huduma zinazowashwa na kuzimwa kila mara, na katika kazi hiyo ni hodari. Kwa swichi unahitaji kipande cha kati, snmp_exporter, kinachotafsiri SNMP kuwa umbo ambalo Prometheus inalisoma, na lazima uamue mwenyewe ni vipimo gani vya MIB (orodha ya vitu ambavyo kifaa kinaweza kuulizwa) vitatafsiriwa. Kisha Grafana kwa ajili ya kuona, Alertmanager kwa ajili ya arifa, na ukitaka historia ndefu kuliko siku 15 za mpangilio wa awali, uongeze muda huo mwenyewe au utafute mahali pengine pa kuhifadhi data. Sehemu nne zenye matoleo manne ya kusasisha, kwa watu wawili? Mimi naitumia kila siku na bado nisingeipendekeza kwa swichi 40.

Jambo moja linahusu programu zote nne. Hakikisha unasoma vihesabio vya biti 64, yaani ifHCInOctets na mwenzake wa kutoka. Kile cha zamani cha biti 32 hujaa kikifika baiti 4,294,967,296 na kuanza upya. Kwenye laini ya Mbps 100 iliyojaa hilo hutokea baada ya sekunde 343 hivi, kwa hiyo usomaji wa kila dakika 5 ulikuwa salama kwa kuponea chupuchupu. Kwenye Gbps 1 ni sekunde 34. Ukisoma kila dakika 5, kihesabio kimezunguka mara kadhaa na grafu inakuonyesha laini tulivu wakati imelemewa. SNMP toleo la 1 haina kabisa vihesabio vya biti 64, na hiyo pekee ni sababu ya kuachana nalo.

MlinziLango

Tarakimu amegusa toleo, ngoja nilimalizie. Toleo la 2c lina vihesabio vikubwa lakini linatuma neno la jumuiya, ambalo hufanya kazi kama nenosiri, waziwazi kwenye poti ya UDP 161, na vifaa vingi vinatoka kiwandani vikiwa na neno hilo hilo, "public". Yeyote anayeweza kunasa pakiti kwenye njia hiyo anaweza kulisoma, na kama mtu alifungua ruhusa ya kuandika, anaweza hata kuzima poti zako. Toleo la 3, ambalo viwango vyake vilikamilishwa mwaka 2002, lina uthibitisho wa mtumaji na usimbaji fiche. Litumieni kwa vyote viwili, si kwa uthibitisho tu. Vifaa vikongwe visivyoliweza vitengwe kwenye VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile) ya usimamizi na viruhusiwe kujibu anwani ya seva ya ufuatiliaji peke yake.

Tahadhari hiyo hiyo, na kali zaidi, iwe kwa IPMI ambayo Nodi7 ameitaja. Katika toleo la 2.0 la itifaki hiyo, mtu anayefikia poti ya UDP 623 na kujua jina halali la mtumiaji anaweza kupewa heshi ya nenosiri (umbo lake lililofumbwa) kabla hajathibitishwa, akaenda kuivunja kwa wakati wake. Seva mpya zina Redfish, mrithi wa IPMI, inayopita kwenye HTTPS, na ndiyo ya kuchagua panapowezekana.

Tena, seva ya ufuatiliaji yenyewe ni shabaha, kwa kuwa inashika funguo za kila kifaa na ngome zote (firewall) zinairuhusu kupita. Desemba 2020 ilibainika kwamba sasisho za SolarWinds Orion, ambayo ni programu ya kazi hii hii, zilikuwa zimepandikizwa msimbo wa wavamizi, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wamezipokea. Kwa hiyo ipeni seva hiyo akaunti za kusoma tu, na izuieni kwenda intaneti isipokuwa pale inapolazimika.

BetriChini

Mmejibu vizuri kuhusu kufuatilia, lakini mada inahusu pia kusimamia, na hakuna hata moja kati ya hizo nne inayosimamia swichi kwa maana kamili. Swichi ikiungua usiku, grafu nzuri haitakuambia poti ya 17 ilikuwa VLAN gani. Wekeni Oxidized, ambayo huingia kwenye kila kifaa kwa ratiba, huchukua mipangilio yake na kuihifadhi kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya mafaili, ili kila badiliko lionekane mstari kwa mstari. LibreNMS inaweza kuonyesha nakala hizo ndani ya ukurasa wa kifaa husika, na kwangu hilo ni tofauti kubwa kuliko rangi za dashibodi. Orodha ya vifaa, anwani na makabati iwe kwenye NetBox, programu ya kumbukumbu za mtandao, au hata kwenye lahajedwali, mradi iwe mahali pamoja na mtu mmoja awajibike nayo.

UPS 9 nazo msizipuuze. Zenye kadi ya mtandao nyingi zinafuata UPS-MIB ya RFC 1628, hivyo programu yoyote mtakayochagua itasoma hali ya betri, mzigo, na dakika zinazokadiriwa kubaki. Dakika hizo ni makadirio. Betri ya risasi iliyochoka huweza kudai dakika 20 na kuanguka katika ya tatu. Panga jaribio la betri na ufuatilie matokeo yake, si asilimia ya chaji tu.

Kebo_Nyeusi

Nimewaelewa. Naelekea LibreNMS pamoja na Oxidized kwa mwanzo, kwa sababu tatizo letu la kwanza ni kutojua tulicho nacho, na seva 6 tutaziangalia kwa njia rahisi hadi hapo mzigo utakapoonyesha kwamba Zabbix inahitajika. Linalonitia shaka ni arifa. Swichi kuu ya jengo la pili ikizima, je, sitapokea barua pepe 40?

Nodi7

Utapokea usipotangaza utegemezi. LibreNMS inakuruhusu kumtaja mzazi wa kila kifaa: vituo vya Wi-Fi viwe watoto wa swichi yao, swichi ziwe watoto wa swichi kuu, na swichi kuu iwe mtoto wa ruta. Mzazi akianguka, arifa za watoto zinanyamazishwa, ukapata moja. Fanya hivyo kabla ya kuwasha arifa yoyote, kwa sababu watu wakishazoea kufuta ujumbe bila kuusoma hawarudi nyuma. Anza na kanuni chache: kifaa kikuu hakijibu, poti ya kuunganisha imeanguka, UPS iko kwenye betri, makosa ya fremu yanaongezeka. Hiyo ya mwisho itakufichulia kebo mbovu na poti ambazo upande mmoja uko nusu-dupleksi (hutuma na kupokea kwa zamu) na mwingine dupleksi kamili (vyote kwa wakati mmoja).

Mzee_wa_Swichi

Naongeza moja. Arifa zisitegemee laini ile ile inayofuatiliwa. Barua pepe inayopita kwenye ruta iliyokufa itakufikia ruta ikishafufuka. Tumia modemu ya SMS iliyochomekwa kwenye seva, na nje ya mtandao wenu weka kitu kidogo kinachopokea ishara kutoka kwa seva ya ufuatiliaji kila dakika chache na kupiga kelele ishara ikikosekana. Ukitaka usomaji wa dakika 1 badala ya 5, amua sasa kabla data haijaanza kujaa, kwa kuwa kubadilisha baadaye kunadai kugeuza mafaili yote ya RRD, na pima kwanza kama usomaji wa swichi zako zote unamalizika ndani ya sekunde 60. Swichi za bei ya chini hujibu SNMP polepole mno, na nyingine prosesa yake hupanda kila zikiulizwa.